Kiapo cha Asali

Nyamizi,

Sianzi na salamu. Tumeshasalimiana vya kutosha tangu Ijumaa, wewe "shikamoo baba," mimi "marahaba," kisha kila mtu akatazama upande wake kama watu waliogongana sokoni.

Sasa ni Jumapili alasiri. Wamekuita kanisani wakuage, na mimi nimekataa kwenda. Nimekaa barazani, nimechana karatasi za katikati za daftari la kikundi cha warina asali, na kutoka hapa nawasikia wanavyokuimbia. Sauti inayotangulia ni ya mzee Kasanda. Hana haya mzee yule. Nitamfikia.

Habari za kuchemsha maji, kufunga begi vizuri kwenye treni na kutopokea chakula cha mtu usiyemjua, mama yako ameshakwambia mpaka majirani wamezikariri. Mimi sina la kuongeza hapo. Wewe ni muuguzi, umepangiwa zahanati huko Kigoma, habari za maji unazijua kuliko mimi. Mimi nakuandikia kwa hasira, na nakwambia mapema usije ukaanza kutafuta huruma humu ukaikosa. Sehemu ya hasira hii ni yako. Kubwa ni yangu mwenyewe. Iliyobaki ni ya mfalme mmoja aliyekufa zamani sana.

Nianze na ya kwako, maana ndiyo fupi. Ile chupa. Umemletea mrina asali wa Ipole asali ya dukani, ina karatasi ya picha ya nyuki anayecheka. Nyuki hacheki, Nyamizi. Wewe umekulia chini ya mizinga, umeumwa mpaka jicho likafumba, unajua vizuri kwamba hacheki. Nilipoitikisa chupa nikaona inavyoteremka upesi kama chai. Nikataka kuitupa nje. Mama yako akanishika mkono.

"Iache. Mtoto kasema hiyo si ya msitu wetu, kwa hiyo kiapo chako hakiigusi. Kasikia huli asali miaka saba. Anataka ule."

Hapo ndipo nilipokasirika hasa. Binti niliyemfukuza kwa kiapo ananitafutia uchochoro wa kupita pembeni ya kiapo hichohicho, ili mimi nile! Nani alikutuma unionee huruma? Ungenitukana ningekuelewa. Ungepita njia bila kuingia hapa Ipole, moja kwa moja kutoka Gongoni kwa shangazi yako hadi stesheni ya Tabora, ningesema haya, ni damu yangu, ina kiburi kama mimi. Lakini umekuja. Siku mbili umelala kwa bibi yako, hatua arobaini kutoka mlango wangu, hukunung'unika, na kila asubuhi umekuja kufagia uwanja wa nyumba usimoruhusiwa kulala. Umenitesa, nakwambia.

Sasa acha niseme jambo lote toka mwanzo, hata unalolijua, kwa sababu mdomo wangu haujawahi kulisema.

Mwaka ule kanisa letu lilikuwa kuta tupu, mvua ikinyesha tunahamia shuleni. Nilikuwa mzee wa kanisa mpya. Waliponichagua sikutaka. Nilikimbilia msituni siku tatu nikajifanya natengeneza mizinga, mpaka wakanifuata. Baadaye nimesoma kwamba na Sauli, siku ya kutangazwa kuwa mfalme wa Israeli, alijificha kwenye mizigo. Watu wanamsifu kwa unyenyekevu wake. Mimi simsifu. Anayejificha hivyo anaogopa macho ya watu, na anayeogopa sana macho ya watu, siku akiyazoea, hawezi tena kuishi bila kutazamwa. Najua ninachosema.

Tukakubaliana msimu ule tuvune asali kwa ajili ya paa. Wanaume kumi na mmoja, kambi moja, wiki mbili. Asubuhi ya kwanza, kabla hatujawasha hata kienge cha moshi, nikawasimamisha mstari, nikavua kofia, nikasema: "Asali ya kwanza ni ya Bwana. Atakayeonja hata tone moja kabla ndoo za Bwana hazijajaa, alaaniwe, na asilale tena chini ya paa la nyumba yake."

Wakasema amina. Ikasikika vizuri sana pale porini. Mchungaji hakuniagiza, Maandiko hayakuniagiza, Mungu mwenyewe hakuwa ameomba kitu kama hicho. Nilikitoa kichwani mwangu kwa sababu kilinipendeza masikioni.

Na kiapo chenyewe ni cha kijinga. Kumkataza mrina asali asionje ni kumkataza mpishi asionje chumvi. Unajua tunavyofanya: unafungua mzinga, unachovya kidole, unalamba. Ndivyo unavyojua kama sega limeiva au bado lina maji, na nyuki wamekula maua gani. Hufikiri, kidole kinakwenda chenyewe. Baba yangu alifanya hivyo na babu yangu alifanya hivyo. Halafu watu wale wanashinda mitini na moshi, ugali ni jioni tu, na kinachowashikilia mchana ni hicho kipande cha sega kinywani. Mimi nikakiondoa kwa jina la Bwana.

Siku ya nne ukaja na baiskeli kutuletea unga. Ulikuwa na miaka kumi na saba. Sisi wengine tulikuwa mbali kwenye mizinga, na mzee Kasanda alikuwa peke yake kambini, amelala chini ya mninga, midomo imekauka, macho yamepinduka. Hukujua habari ya kiapo. Yaliyofuata nilisimuliwa na mama yako baadaye. Ulifunua ndoo, ukakata sega, ukamlisha kidogo kidogo na maji. Akafumbua macho, akakuita mayu, kama anavyomwita mama yake, akasema, "Mayu, nipe tena." Ukampa tena. Kisha ukalamba vidole vyako, kama mtoto yeyote wa Ipole.

Tuliporudi nikaona mfuniko uko pembeni. Nikauliza nani. Kasanda alikuwa amekaa, amepona kabisa, ndevu bado zinanata. Akazifuta kwa kiganja, akatazama moto. Wewe ukasema, "Mimi, baba. Mzee alikuwa anazimia."

Nikakwambia kiapo. Ningeweza kuishia hapo. Ningesema hukujua, basi, yameisha. Nafsi yangu yote ilikuwa inataka kusema hivyo, naapa... Hapana, siapi tena. Nakwambia tu. Lakini wewe ukawatazama wale wanaume mmoja mmoja, ukasema: "Baba, kiapo hiki kimewatesa watu bure. Waone walivyolegea. Wangelamba kidogo, ndoo zingejaa tangu juzi."

Mmoja nyuma akacheka. Sijui nani mpaka leo. Kicheko kidogo, cha puani.

Nyamizi, sikukufukuza kwa ajili ya asali. Miaka yote watu wanasema nilikufukuza kwa ajili ya asali ya Bwana, na mimi nimewaacha waseme. Nilikufukuza kwa ajili ya kicheko kile. Ulisema kweli mbele ya watu, ukanivua nguo, na mimi nikamwita Mungu aje anifunike.

Nikasema, "Umejilaani mwenyewe. Hulali kwangu tena." Wanaume kumi walikuwepo. Hakuna aliyefungua mdomo. Na Kasanda uliyemfufua hakufungua mdomo.

Mama yako alikutandikia kwa bibi, mwezi uliofuata ukaenda Gongoni. Paa likaezekwa. Siku ya kuliweka wakfu walinipa kiti cha mbele. Usiku ule mama yako alikuwa anasonga ugali, hakugeuka, akasema, "Hata Sauli watu walimzuia."

Sikumwelewa. Nilikuwa namjua Sauli wa Shule ya Jumapili tu, yule mrefu mwenye mkuki. Nikachukua Biblia kwa hasira nimkosoe. Nikasoma.

Unaikumbuka habari yenyewe? Sauli yuko vitani, anawaapisha watu wake: alaaniwe atakayekula chochote kabla ya jioni, kabla hajalipiza kisasi kwa adui zake. Watu wanaingia msituni, asali inadondoka chini, hakuna anayethubutu. Yonathani mwanawe hakusikia kiapo. Anachovya ncha ya fimbo, analamba, macho yanapata nuru. Wanamwambia. Anasema baba yangu amewataabisha watu. Jioni Sauli anapiga kura kumtafuta mwenye kosa, kura inaangukia mwanawe, na yule baba anasema: utakufa.

Nilifunga kitabu. Nilihisi kama mtu ameniandika. Nimeishi na asali maisha yangu yote na sikujua kama imo mle.

Lakini pale watu walisimama. Waliapa nao, wakasema hapana, hautaanguka hata unywele wake. Wakamnyang'anya Sauli mwanawe mikononi. Tangu siku hiyo nimewachukia wale kumi. Nikikutana na Kasanda njiani navuka upande wa pili. Niliwaza, Sauli alikuwa mjinga kama mimi, ila alibahatika kuzungukwa na watu, na mimi nilizungukwa na mbuzi. Ndiyo maana leo siko kanisani. Sikutaka kuwasikia wakikuimbia wimbo waliopaswa kukuimbia siku ile.

Hivyo ndivyo nilivyojidanganya mpaka leo mchana. Sasa kuna neno ambalo mama yako halijui, wala mchungaji, wala wewe.

Asubuhi ile ile ya kiapo, amina zao bado zinasikika, nilipanda mti wa kwanza. Nikafungua mzinga, nikapuliza moshi, nikachovya kidole. Nikalamba.

Kidole kilikwenda chenyewe, kama nilivyokwambia. Nilikuwa nimeshameza nilipokumbuka. Nikatazama chini. Hakuna aliyeona. Kulikuwa na mimi na nyuki tu. Nikajifuta, nikashusha sega kwenye ndoo ya Bwana, nikateremka.

Kwa hiyo siku ya nne, nilipokuwa nauliza nani kaonja, aliyetangulia kuonja ndiye aliyekuwa anauliza. Ukiniuliza kwa nini sauti yangu ilikuwa kali vile, jibu ni hilo. Mtu asiye na kosa hapigi kelele namna ile.

Tangu uende sijaila asali. Watu wanafikiri nimeweka nadhiri. Wanasema, mwone mzee, anavuna mizinga yote hiyo hata kidole halambi, huyo ni mtu wa Mungu. Na mimi nanyamaza, nazishika sifa. Nimejiadhibu kwa siri na adhabu yenyewe nimeigeuza pambo. Sauli naye alifanya hivyo. Aliambiwa asiache kitu cha Waamaleki, akawaacha kondoo wanono, na nabii Samweli alipouliza mbona nasikia kondoo wanalia, akajibu kwamba ni wa kumtolea Bwana sadaka. Siku zote nikifika hapo nakasirika mpaka naona giza. Dhambi yake anaipeleka madhabahuni ikanukie!

Na kuna mstari mbaya kuliko huo. Samweli akimwambia Mungu amekukataa, Sauli anakiri, anasema nimekosa. Halafu palepale anaomba: lakini sasa uniheshimu mbele ya wazee wa watu wangu. Unaona? Toba ameshaitoa, bado anataka kiti cha mbele. Daudi aliyemfuata alifanya makubwa zaidi, mke wa mtu na damu ya mtu, lakini nabii alipomwambia mwenye kosa ni wewe, hakuomba kiti. Mimi nimemkiria Mungu dhambi yangu mara ngapi? Kila wiki. Chumbani, taa imezimwa. Mbele ya wazee nimeheshimiwa.

Sisi Wanyamwezi tuna ugonjwa wetu pia, na nautaja kwa sababu umeurithi. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji hadi pwani, njia hiyohiyo utakayoipita kesho na treni, ila wewe unakwenda alikotoka. Nyumbani kwetu tulilelewa kwa sifa zake: mpagazi hatui mzigo njiani. Akiubeba ameubeba, bega lichubuke, lioze, atatua kambini. Nilikibeba kiapo changu hivyo. Nilijiona mwanamume. Hakuna aliyeniambia kwamba mzigo mwingine haukuwa wako tangu mwanzo, na kuutua njiani ndiyo akili. Ukiona huko uendako umeanza kushikilia neno kwa sababu tu ulilisema mbele za watu, litue. Watacheka. Waache wacheke. Kicheko hakiui, mimi niliyekikimbia ndiye shahidi wako.

Bwana Yesu alipita shambani na wanafunzi wake, wakavunja masuke wakala kwa njaa, siku isiyoruhusiwa. Wakubwa wa dini wakapiga kelele. Yeye akawatetea wenye njaa. Nilipolisoma hilo nikajiuliza, siku ile pale chini ya mninga alikuwa upande gani? Sikuhitaji mchungaji wa kunijibu.

Jambo moja tu la mwisho kuhusu familia ile, na hili ni amri. Yonathani alirudi kwa baba yake. Baba aliyetaka kumuua kwa ajili ya asali, na baadaye akamrushia mkuki mezani kwa sababu ya kumtetea rafiki. Mwana akabaki naye tu, mpaka mlima wa Gilboa, na wote wawili wakafa siku moja katika vita vya baba. Wahubiri wanasema ni uaminifu. Mimi nikiwa baba nasema ni hasara. Nenda Kigoma, Nyamizi. Kaa huko. Usirudi kwa sababu umesikia mzee amezeeka, mzee haongei, mzee hali asali. Usije ukafa kwenye mlima wangu. Rudi siku ukitaka ugali wa mama yako, hiyo ni sababu ya heshima.

Nimesimama mara tatu tangu nianze kuandika, ndiyo maana mwandiko unabadilika. Chumba chako nilikuwa nimekigeuza ghala la ndoo na nta. Nimezitoa zote, ziko uani, mgongo unaniuma nakwambia ukweli. Nimefagia. Kitanda kina mguu mmoja mbovu, nimeweka tofali.

Wanaimba wimbo wa mwisho, naujua, una beti sita na Kasanda hazirukagi. Nina muda wa kufika. Nitaingia na shati hili la nta, nitasimama mbele, na nitawaambia nani aliyelamba wa kwanza. Sitaomba kiti. Wale kumi sitawasema. Walinyamaza siku moja, mimi nimenyamaza miaka saba. Na Kasanda, Mungu anisaidie, nitampa mkono. Wakati unasoma haya utakuwa umeshaona kama nilifika au miguu ilinishinda. Kama ilinishinda, basi chukua karatasi hizi kesho kabla ya basi la kwenda stesheni, wasomee wewe. Una ruhusa yangu na una radhi yangu. Radhi sijawahi kukunyima, mwanangu, nilikosa tu uso wa kukupa.

Chupa yako nimeiweka dirishani. Sijaifungua na sitaifungua, sitaki uchochoro. Nimefunua ndoo ya msitu wetu, nimechovya kidole, nimelamba. Imeiva. Nyuki wamekula maua ya miombo.

Sasa tumeilamba wote wawili. Kama kuna laana, leo italala na sisi nyumba moja.

Begi lako usilitafute kwa bibi. Liko kitandani kwako.

Baba yako